Makofi ya Ziwa Basotu

Jumamosi iliyopita lori la shamba la ngano lilitupeleka Ziwa Basotu kutazama mazoezi ya wanajeshi. Askari mmoja alijifanya anazama, akapunga mkono na kupiga kelele. Helikopta ikaja kusimama juu yake, mwenzake akajirusha majini, akamshika kwa nyuma, wakavutwa juu kwa kamba. Tukapiga makofi. Wakarudia, tukapiga tena.

Mama mmoja tuliyekuja naye alishuka ukingoni kunawa miguu, akateleza na kutumbukia majini. Alipopunga mkono, jirani yangu alicheka: "Kumbe na huyu wamempa kazi! Anaigiza kuwapita wenyewe." Tukampigia makofi mengi kuliko ya askari.

Yule askari mwokoaji alikuwa anavutwa juu tena. Aliachia kamba, akaanguka majini. Alimtoa mama, akamlaza kwenye majani, akampigapiga mgongo mpaka maji yakamtoka. Kisha akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, sauti imekauka.

Kijana akatugeukia. "Nani alikuwa karibu naye?"

Tukaangalia viatu vyetu. Mimi, ninayejaza safu hii ya gazeti kila wiki kwa kuona mambo, nilikuwa mbele kabisa.

Wakati wa kurudi mama alikaa katikati yetu, amejifunika blanketi la jeshi. Nilimwamkia: "Shikamoo, mama." Akaangalia mashamba ya ngano. Mwingine akamwamkia, na mwingine. Huku kwetu hata uliyegombana naye huitikia shikamoo. Lori zima lilimwamkia mpaka Katesh. Hakumwitikia hata mmoja wetu.