Kumi na Tano ya Jungu Jipya

Wiki iliyopita nilirudi Sumbawanga, na pale Majengo tairi langu likahitaji upepo. Kijana wa gereji akaniuliza, "Sista, tujaze ngapi?" Nikamwambia thelathini. Mshale wa geji yake ukapita mia mbili, nami nikashtuka. Akacheka. "Usiogope, hizo za nje ni kilopaskali. Za ndani ni paundi, ndiyo thelathini yako. Zidisha kwa saba tu." Akaendelea na kazi yake. Mimi nikaegemea gari, hasira imenijaa.

Ngoja nikupeleke kijijini kwetu, upande wa Kate, kwenye zahanati iliyopakana na shamba letu la ulezi. Asubuhi za kipupwe upepo ulikata masikio, na sisi watoto tulijibanza karibu na jiko la mkaa ambako nesi, mama mmoja kutoka Mbeya, alichemshia mikasi na sindano za kushonea wazazi. Jungu lake zito la presha lilitoa mvuke wenye harufu ya chuma. Alilisimamia mpaka mshale wa geji yake ya paundi unyooke juu. "Kumi na tano kwanza, ndiyo uanze kuhesabu dakika," alisema kila siku. Bibi, aliyemzaa mama yangu, akipita na uji wa ulezi wa wazazi, hakukosa kumwachia kikombe.

Kisha likaletwa jungu jipya linalong'aa, na maelekezo ya lugha ambayo hata mwalimu wetu hakuijua. Waliolileta wakapiga picha, wakaondoka. Kwenye geji palikuwa pameandikwa kPa, na tuliicheka sana ile P kubwa iliyobanwa na wadogo zake. Nesi akaitafuta kumi na tano yake, akaiona. Mshale uliigusa hata haujainuka vizuri.

"Hili linawahi!" akafurahi. "Mkaa tutauokoa."

Mshale wa jungu lile ulitakiwa ufike mia moja na kidogo. Kumi na tano mara saba, hesabu ya mtoto wa shule ya msingi! Watu waliosafirisha chuma kile kuvuka bahari walishindwa kubandika kikaratasi chenye namba moja? Sasa nikikumbuka zile picha zao natamani kutukana.

Msimu ule wazazi wakaanza kushikwa na homa baada ya kushonwa. Mama yangu alijifungua mdogo wetu wa mwisho, akashonwa, akashikwa na homa, na kitovu cha mtoto hakijakauka tukamzika mama. Wakubwa wakaja na gari, wakasema ni uzembe wa nesi, wakamfukuza kazi. Jungu wakalisifu, wakaliacha palepale.

Siku anaondoka, nesi alikuja kumuaga bibi, akapiga magoti uani. "Shikamoo mama," alisema. Bibi, ambaye nyumbani hakuongea ila Kifipa, alimjibu kwa Kiswahili ili aelewe vizuri: "Umeniulia mwanangu."

Zahanati ile imebaki kuta, na shamba la ulezi sasa ni alizeti ya watu wengine. Bibi amekufa akiamini hivyo. Na nesi, nimeambiwa, amekufa akiamini hivyohivyo.