Bibi wa Leso Mbili kwenye Theluji

Usiniambie nilikuwa nimesinzia. Nilikuwa macho, kikombe cha chai mkononi, na mume wangu Bakari ameketi mbele yangu akitafuna. Haya yamenipata mimi mwenyewe. Ukitaka kucheka, cheka.

Bakari ni dereva wa lori. Sisi ni watu wa Mombasa, kwa sasa tunakaa Houston, mtaa wa Sharpstown. Mwaka juzi, mwezi wa kumi, alipata mzigo wa magodoro wa kupeleka hoteli moja huko milimani Colorado, mji ambao watu huenda kuteleza kwenye theluji. Nikasema nami nakwenda, sijaiona theluji ya kweli. Nilijitakia.

Tulifika msimu haujafunguliwa. Maduka yamefungwa, viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani vimesimama, mji kimya. Tulipomaliza kushusha mzigo theluji ikaanza, mapema kuliko wenyeji walivyotarajia, na barabara ikafungwa. Mlinzi wa hoteli akatupa chumba cha wafanyakazi, akatuambia mlango wa nje haufunguki bila kadi.

Magharibi tukakaa kula. Nilikuwa nimebeba mahamri na mbaazi za nazi kutoka nyumbani, nikazipasha moto. Kuinua macho, bibi mmoja amesimama mlangoni, amejitanda leso mbili, ndara miguuni. Wallahi, hata chembe ya theluji haikuwa juu yake.

Sasa wewe ungefanyaje? Mtu akikukuta unakula, unasema nini? Nikasema, "Karibu, bibi." Ndivyo tulivyolelewa. Kwa kawaida mtu hujibu "starehe" akaenda zake. Huyu aliketi.

Alikula polepole, akazisifu mbaazi kwa Kiswahili kile cha nyanya zetu. Cha ajabu ni kwamba sikuona ajabu. Alipomaliza akasema, "Nimekula kwenu, wanangu. Nanyi mje kwangu. Nakaa pale juu, peke yangu." Akaonyesha mlima.

Bakari, kwa adabu zake, akajibu kama sote tunavyojibu. "Inshallah, bibi. Saa hizi barabara wame-close, lakini mwakani theluji ikianza tu, tutakuja tukae nawe."

"Ahadi?"

"Ahadi."

Akatoka. Nilipotaka kufunika sufuria, mbaazi zilikuwa zimeganda kama jiwe. Chai yangu pia. Hapo ndipo hofu iliponiingia, nikalia kama mtoto. Mlinzi aliapa hakuna aliyeingia. Asubuhi viti vyote vya waya vilikuwa vimejaa theluji, isipokuwa kimoja, kikavu kabisa.

Tukarudi Houston, tukajifanya tumesahau. Mwaka jana, wiki ile kule walipopata theluji ya kwanza, nilimkuta Bakari ameketi garini uwanjani mwa nyumba zetu. Watu walikuwa wamevaa fulana, amini usiamini, na nyusi zake zina barafu.

"Bakari, unakwenda wapi?"

"Tulimwahidi, mke wangu. Mtu mzima yule, tumemweka."

Ustadhi akamsomea, akatulia. Nikamshukuru Mungu, nikadhani yameisha.

Ndugu yangu, karibisha watu, chakula hakimpungukii mgeni. Lakini mtu usiyemjua akikualika kwake, sema ahsante, uishie hapo. Usimpe ahadi ya mdomo ukidhani ni heshima tu. Wako wanaoisubiri.

Juzi taarifa ya habari ilisema theluji imewahi tena milimani. Niliporudi kutoka kazini nikakuta makoti mawili mazito yamelazwa kitandani, lake na langu. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akaniangalia kama hakulielewa swali.

"Mimi na wewe," akasema. "Vaa."

Nimezificha funguo za gari. Ila nilipomshika mkono, baridi yake ilinipanda mpaka begani, na mpaka sasa ninapokusimulia bado haijatoka. Naogopa, na sina wa kumwambia ila wewe.