Pipa la Hartl Lagoma

Hartl alikuwa seremala mstaafu, mkaidi asiyeambilika, na kitu alichokipenda kuliko vyote, ukimtoa mkewe Zenta, na hata hapo sina hakika, ni bia yake. Katika mji wao kuna jiko moja tu la kupikia bia, la watu wote. Mwenye zamu huchemsha shayiri yake pale, akabeba ule mchuzi mtamu hadi kwake, akautia hamira kwenye pipa katika chumba cha chini ya nyumba, kwenye baridi. Bia ikiiva hutundika nyota ya pembe sita juu ya mlango, na watu wakaingia sebuleni kunywa. Nyumba ya Hartl haikuwahi kukosa kutundika nyota siku ya sikukuu ya kanisa, tangu enzi za babu yake.

Mwaka huu pipa liligoma. Povu lililotakiwa kufura kama unga wa maandazi halikutokea, juu pakawa shwari kabisa. Kipimo chake cha kioo, ambacho huzama kadiri utamu unavyoliwa na hamira, kiliendelea kuelea pale pale.

"Umetia hamira ipi?" Zenta aliita kutoka juu. Goti lake lilipasuliwa wakati wa kiangazi, ngazi haziwezi.

"Ipi tena? Ya babu! Ya kwenye mtungi!"

Zenta akakohoa. "Ile iliyokaa humo tangu mwaka jana?"

"Hamira ya babu haizeeki, mwanamke!"

Huo ndio ulikuwa wimbo wake kila meza aliyokaa: wengine wanaombana hamira kama chumvi, yeye anayo ya ukoo. Na mwaka jana, mbele ya kadamnasi, alionja bia ya jirani yake Alban akasema, "Maji ya kuoshea vyombo." Alban aliinuka akaenda zake.

Basi Hartl akahangaika. Alidhani ni baridi, akalifunga pipa kwa blanketi la manyoya ya bata la harusi yao, likawa limelala mle kama mzazi. Alidhani ni hewa, akakoroga hadi mabega yakamuuma. Alidhani ni kijicho cha watu, akamfungia paka nje. Wapi! Kukaanza kutoka kaharufu ka uchachu, na Hartl akaogopa kweli. Akikosa nyota, mji mzima utamcheka, na babu yake, huko aliko, atamwonaje?

"Hamira imekufa, mume wangu," Zenta alisema. "Nenda kwa Alban. Amepika juzi, pipa lake linafoka."

"Kwa Alban? Bora nife!"

"Haya, kufa. Ila nyota utaitundikaje ukiwa kaburini?"

Hartl akanuna mpaka chakula cha mchana, kisha akanyanyuka. Hamira kwao hainyimwi mtu wala haiuzwi, lakini mwenye shida lazima aende kuiomba. Zenta akamkabidhi ndoo ya bluu yenye mpini uliofungwa kitambaa. Hartl akaipitisha barabara kuu chini ya koti, akionekana mjamzito, na kila dirisha likawa na kichwa.

Alban alifungua mlango, akaitazama ndoo kwanza, mtu baadaye. "Aa, ndoo ya bluu! Kumbe goti la Zenta bado?"

"Zenta anahusikaje na ndoo?"

Alban akacheka. "Bwana we, hujui? Wiki mliyofunga ndoa, mkeo aliuona mtungi wenu una uchafu chini, akausugua ukang'aa. Ndiyo hamira ya babu yako hiyo, ilikwenda na maji! Akaja kwangu analia. Tangu hapo, kila ukikaribia kupika anapita bustani za nyuma na ndoo hii, anajaza mtungi wenu kwa siri. Mwaka huu goti limemzuia."

Hartl akaiweka ndoo chini. "Na ulinisikia nikikutukana hadharani?"

"Nilisikia. Nikajiambia, huyu anaitukana hamira ile ile anayopikia mwenyewe, shauri yake." Akaijaza ndoo povu. "Usiimwage yote kwenye baridi, itashtuka. Ilishe mchuzi kidogo jikoni, ikichangamka ndiyo ushuke nayo."

Hartl alifanya hivyo hivyo, bila kubisha, na hiyo peke yake ilikuwa muujiza. Asubuhi ya pili pipa lilikuwa na povu, kipimo kikaanza kuzama, na Zenta akamsikia mumewe akilia chini kule.

Sikukuu ikafika, nyota ikapanda mlangoni. Sebule ikajaa. Wa kwanza kupewa bilauri alikuwa Alban, na watu wote wakageuka kutazama.

Hartl akasimama. "Jamani. Hamira hii si ya babu. Ni ya Alban, na imekuwa yake tangu nilipooa. Nilimtukana, na nilikosa."

Zenta, kwenye mlango wa jiko, akajifunika uso kwa aproni.

Alban akainywa bia taratibu, akaizungusha kinywani, akameza.

"Maji ya kuoshea vyombo," akasema, akamsogezea Hartl bilauri tupu. "Niongezee."