Bi Taipu Hajiandikii

Majirani walizidi kumwita Bi Taipu hata baada ya mashine za taipu zenyewe kwenda zao. Alianza ukarani kwa kalamu ya kuchovya wino, akahamia taipureta iliyomkomaza ncha za vidole, halafu kompyuta, ambayo aliinunia wiki nzima kabla hawajapatana. Mabosi walikuja na kuondoka. Wao walizunguka chumbani wakisema, yeye akaandika. Kinyozi hajinyoi: miaka yote hiyo hakuandika neno lake mwenyewe.

Sasa amestaafu, na bintiye wa pekee yuko ng'ambo mwaka wa sita. Ana hamu naye mpaka chakula hakipiti. Lakini akishika simu amwandikie, vidole vinarudi kazini: "Yahusu hali ya nyumbani. Ujumbe wako umepokelewa. Sote tu wazima." Sote nani, na yeye anaishi peke yake?

Jumatatu binti aliuliza kwa ujumbe, "Mama, wananipa mkataba mwingine, miaka mitatu. Nisaini au nirudi? Niambie unavyotaka wewe."

Bi Taipu akajibu kama alivyozoea: "Uamuzi wowote utakaoufikia utaheshimiwa." Akautuma ujumbe huo, kisha roho ikaanza kumsuta. Alilala nao, akaamka nao.

Alhamisi uzalendo ukamshinda. Fundi simu wa mtaani alikuwa amemwonyesha alama ya kipaza sauti: ukiibonyeza, simu inaandika unachosema. Akaibonyeza. Akajikuta amesimama, anazunguka chumbani kama mabosi wake.

"Mwanangu, rudi. Kitanda chako nakitandika kila Jumamosi kama vile unakuja. Nimechoka kujifanya sina shida. Nakutaka hapa."

Maneno yakajipanga kiooni, yote yake. Akatuma upesi, asije akayasahihisha.

Jibu halikukawia. "Nani amekuandikia huu, Mama?"

Lilimchoma. Akaandika kwa kidole kimoja, kama mwanafunzi: "Mimi mwenyewe."

Ndipo ukaja ujumbe wa mwisho: "Nilisaini jana, Mama. Nilidhani kwako ni sawa tu. Ulisema utaheshimu."

Aliusoma mara mbili. Ni kweli aliandika hivyo, tena bila kosa hata moja la chapa. Akabonyeza tena ile alama, akafungua mdomo, na simu ikabaki kumngoja.