Vumbi Ndani ya Bahasha

Kliniki nzima ya kifua ilimwita Mama Bahasha, na mwenyewe alishachoka kukasirika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa kufungua barua za madaktari wanaotuma wagonjwa wanaodhaniwa wana pumu, na barua hizo zilimpandisha presha kuliko marehemu mumewe alivyowahi. Moja iliandikwa "Mwoneni." Basi. Nyingine ilitoa salamu ukurasa mzima, ikasahau jina la mgonjwa. Mtu anabanwa saa ngapi, anafanya kazi gani, ameshatumia dawa ipi: kimya.

"Wanaandika kama wino ni wa mgao," alimwambia mpimaji, binti mcheshi wa chumba cha pili aliyewapulizisha wagonjwa kwenye mashine ya kupima pumzi.

Jumatatu moja, maana wagonjwa wapya walipokelewa Jumatatu tu, alifungua barua ya fundi seremala aliyesimama mbele ya meza yake. "Pumu? Naomba msaada." Ilikuwa ya tatu mwaka ule, daktari yuleyule, maneno yaleyale. Mara mbili fundi alipuliza, na mara mbili namba zikatoka nzuri kama za mkimbiaji. Zikitoka nzuri mara ya tatu, faili lingefungwa.

Alipoikunjua barua, unga wa mbao ulimwagika juu ya daftari lake. Mama Bahasha na vumbi hawakuiva chungu kimoja. Akashika kitambaa, ulimi tayari kufoka, kisha mkono ukasita.

"Baba, hii barua uliiweka wapi?"

"Mfuko wa koti la kazi, mama. Tangu Ijumaa. Siku hiyo nilibanwa mpaka nikakaa chini."

"Na leo?"

"Leo mzima. Hiyo ndiyo shida yangu, nikija hapa huwa mzima." Fundi aliangalia vidole vyake. "Karakana ni ya kaka yangu. Amesema nikirudi tena na karatasi ya kwamba sina kitu, nisikanyage kwake. Anasema nategea kazi."

"Jumamosi na Jumapili mnafanya kazi?"

"Tunapumzika."

Mama Bahasha alihesabu kwa vidole. Jumatatu, Jumatatu, na tena Jumatatu! Walikuwa wanampima mtu aliyekaa siku mbili mbali na msumeno, halafu wanashangaa anapumua. Akaurudisha ule unga ndani ya bahasha, akatoka na kukimbia ukumbini, yeye ambaye kila siku aliwagombeza wauguzi kwa kukimbia.

Daktari wa kifua aliinua macho. "Mama, wewe ni karani."

"Ndiyo, daktari, na nimesoma. Sasa soma na wewe." Akamkung'utia bahasha juu ya meza.

Daktari aliangalia unga, akaangalia barua, akafungua faili na kufuata tarehe kwa kidole. Alipofika ya pili akajikuna kichwa. "Tungempima Ijumaa, akitoka kazini. Lakini Ijumaa alasiri tunafunga."

"Funguo ninazo mimi."

Fundi alipewa dawa ya kuvuta ya kumsaidia akizidiwa, akaambiwa aje Ijumaa bila kuoga. Siku nne hizo Mama Bahasha hakutulia. Alichanganya mafaili mara mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Ijumaa saa kumi fundi aliingia na unga kwenye nyusi, kifua kikipiga filimbi. Nyuma yake alikuja kaka mtu, amenuna, amekuja kuushuhudia uongo kwa macho yake. Fundi akapuliza. Mpimaji aliangalia mashine, akapiga makofi.

"Mbaya! Mbaya kabisa!" akasema, kisha akaziba mdomo kwa haya.

Fundi akavutishwa dawa, wakasubiri dakika kumi na tano, akapuliza tena. Namba ikapanda, na ile filimbi ikanyamaza.

"Ni pumu," alisema daktari, akitabasamu bila kujizuia. "Na inaamshwa na vumbi la kazini."

Mama Bahasha alifurahi mpaka akajionea aibu, kumshangilia mtu kwa kukutwa na ugonjwa. Lakini fundi mwenyewe alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. "Kaka, umesikia?"

Kaka mtu alimsogelea mdogo wake, akaanza kumpangusa mabega taratibu, na unga ukaanguka sakafuni. Mama Bahasha aliuona, akauacha.

Jioni ileile alimwandikia daktari aliyemtuma fundi, kurasa mbili, na hakuremba.

Wiki sita baadaye fundi alirudi kuangaliwa, na barua mkononi. Safari hii daktari wake alikuwa ameandika mpaka pembezoni: siku za kubanwa, siku za nafuu, dawa na namna anavyoivuta, na kwamba kaka yake amemwondoa kwenye msumeno, sasa anapima na kuchora kwenye chumba cha mbele. Mama Bahasha alimsomea mpimaji yote kwa sauti, mara mbili.

"Uliiweka wapi?" alimuuliza fundi.

"Palepale, mama. Mfuko wa koti la kazi."

Mama Bahasha aliigeuza bahasha na kuikung'uta juu ya daftari. Haikutoka hata chembe.