Noti ya Baba yake Leokadia

Seweryn Hajduk alikuwa na kanuni moja: noti ya kale haipambwi. Kama imekunjamana, ibaki hivyo. Kama ina doa la masizi, doa ni lake. Kila Jumapili wakusanyaji wa noti wa mji wa Lublin, Poland, walipokutana katika ukumbi wa shule, aliwakemea wenzake waliosafisha noti za wakati wa vita na kuzipiga pasi. Aliwaita vinyozi wa maiti.

Alikuwa fundi mstaafu wa mabasi ya umeme, mgane asiye na mtoto. Akitoka ukumbini alikula kwa jirani yake wa ghorofa ya chini, Bi Leokadia, aliyempikia supu ya kabichi chachu. Hakuna kati yao aliyelipa jambo hilo jina, lakini kiti cha karibu na jiko kilikuwa chake.

Mwaka ule chama cha wakusanyaji kiliandaa maonyesho yenye waamuzi na tuzo. Bi Leokadia alimtolea noti ya zloti ishirini, iliyochapwa chini ya utawala wa Wajerumani. Ilikuwa ya baba yake, aliyepakiwa kwenye treni ya wafungwa mwaka 1943 asirudi.

“Waonyeshe watu, Bwana Seweryn,” alisema. “Baba hana kaburi. Angalau hapo watu watapita mbele yake.”

Alimwahidi. Hakumuuliza zaidi.

Ukumbini, Bogumil, mfamasia mwenye ulimi mkali, aliitazama noti ile akacheka. “Hajduk, zako zote zimefanana na wewe, mikunjo mpaka usoni. Utakuwa wa mwisho tena.”

Wenzake walicheka, na kicheko kile kilimchoma. Nyumbani aliigeuza noti, akaona pembeni alama za penseli zilizofifia. Makarani wa benki wa enzi zile walikuwa wakiandika hesabu ya bunda juu ya noti ya kwanza, na waamuzi hupunguza alama kwa uchafu wa namna hiyo. Basi akachukua mkate mweupe laini, akaufinyanga kitonge, akasugua kama wale aliokuwa akiwakemea. Penseli ikatoka na makombo.

Alipata tuzo ya pili.

Bi Leokadia alikuja maonyeshoni na koti lake la kanisani. Alisimama mbele ya noti, kisha akaomba igeuzwe. Seweryn akaigeuza mwenyewe, kwa fahari. Mwanamke aliisogeza karibu na dirisha, akaiinamisha huku na huku.

“Maneno yako wapi?”

“Maneno gani?”

“Ya baba. Aliyaandika ndani ya behewa, akaitupa noti kupitia ufa, mtu wa reli akatuletea. ‘Mnunulieni Lodzia viatu.’ Lodzia ndiye mimi. Mama hakuitumia. Nilimaliza vita na viatu vya mbao.”

Seweryn alisema alidhani ni hesabu za karani. Akasema pia habari ya mkate.

“Sina mwandiko wake mwingine,” alisema Bi Leokadia. Hakupaza sauti. Aliiweka noti mkobani, akafunga vifungo vya koti, akatoka.

Seweryn alirudisha tuzo, na hilo halikumrudishia mtu chochote. Alibisha mlango wa chini mara kadhaa, Bi Leokadia akamjibu kwa adabu kutoka ndani kwamba anapumzika. Aliishi miaka tisa zaidi juu ya nyumba ya mwanamke yule, na Jumapili zote hizo alikula peke yake.