Nilivyojifunza gari ukubwani ili baba asikose kliniki Dar

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari za mchana.

Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Picha sina, mtanisamehe.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mzaliwa wa Bagamoyo, nashona mapazia. Naishi na baba yangu. Mzee aliendesha malori nusu ya umri wake, sasa ana presha ya macho. Anaona vivuli tu, kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia zito.

Kila mwezi ana kliniki Dar. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa gari ya mzee, ndogo, ya gia za mkono. Kaka akahamishiwa kazi Mwanza, sisi tukahamia basi.

Safari ya pili ya basi, mzee aliikosa ngazi wakati wa kushuka. Alianguka kifudifudi, kofia yake ikakanyagwa. Hakulalamika. Tulipofika nyumbani akasema, "Mwanangu, kliniki tuiache. Haya macho yamemaliza kazi yake."

Nikamjibu, "Hatuachi, baba. Nitajifunza gari."

Alicheka, wakuu. Si kwa dharau, lakini alicheka.

Nikajiandikisha shule ya udereva. Wenzangu wote vijana wadogo, mimi ndiye mama yao. Wiki ya kwanza niliizima gari mpaka mwalimu akapiga kelele, "Mama, klachi haikanyagwi kama cherehani!"

Kumbe ndivyo nilivyokuwa naikanyaga.

Test ya kwanza nilifeli, niligonga nguzo nikirudi rivasi. Nikaenda kulia chooni, nikanawa uso, nikaomba tarehe nyingine. Ya pili nikapita.

Baada ya kupata leseni, kila Jumapili asubuhi tulitoka na mzee barabara ya Msata, tukifika Kiwangwa tunageuza. Haoni, ila injini anaisikia.

"Inalia hiyo, ongeza gia."

"Sasa umeipa gia kubwa, unaichosha."

Hakukosea hata mara moja.

Siku ya kliniki ikafika. Mpaka Bunju mambo shwari. Kuanzia Tegeta, bodaboda kushoto, bodaboda kulia, viganja vimelowa jasho mpaka usukani unateleza. Nikajiambia mdogo mdogo tutafika. Tukafika kweli.

Kasheshe ikawa parking.

Ndani ya hospitali kumejaa, mlinzi ananipungia mkono niendelee mbele. Kumshusha mzee getini peke yake siwezi, haoni. Nikaizunguka mitaa ile mara nne. Zamu yake inakaribia, ukiikosa unapangiwa mwezi mwingine, na dawa ya matone nyumbani ilibaki ya siku chache.

Mzunguko wa tano nikaona nafasi pembeni mwa barabara, kati ya gari mbili. Ya kuingia rivasi.

Nikajaribu, nikakosa. Nikajaribu tena, tairi ikapanda ukingo. Nyuma yangu honi zimepamba moto. Jamaa mmoja akatoka dukani kwake akaja dirishani.

"Sista, shuka nikuingizie, unafunga njia."

Mkono wangu ulishashika kitasa. Nikawaza, nikishuka leo, mwezi ujao nitashuka tena.

Mzee alikuwa anatazama mbele tu. Akasema taratibu, "Usisikilize honi. Honi haigongi mtu."

Nikaachia kitasa. "Kaka, naomba unitazamie nyuma. Naingiza mwenyewe."

Yule kaka, Mungu ambariki, akasimama katikati ya barabara akazuia magari. "Kata usukani wote! Rudi... rudi... nyoosha! Simama!"

Gari ikaingia. Mkia ulibaki nje kidogo, siwadanganyi, lakini iliingia.

Tulipofika dirisha la mapokezi namba yetu ilishaitwa na kupita. Nesi alimwona mzee nilivyomshika mkono, akatuingiza. Daktari akasema kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinalindika, mradi asikose matone wala kliniki.

Wakati wa kurudi, tulipopita Mapinga, nikaona mzee kimya sana. Nikageuka. Amelala, mdomo wazi.

Wakuu, baba yangu hajawahi kusinzia kwenye gari inayoendeshwa na mtu mwingine. Hata na kaka alikuwa anakaa macho, mguu wake unakanyaga breki ambayo haipo. Nikapunguza mwendo, kila tuta nililipanda kama nimebeba mayai, asije akaamka.

Nilichojifunza ni kwamba ukubwani mtu anajifunza vizuri tu, akikubali kuchekwa na kuomba atazamiwe nyuma. Wale mnaosema umri umepita, nendeni mkajiandikishe.

Nanyi je, gari iliwazimia wapi mkataka ardhi ipasuke? Na mwenye kujua pa kupaki kule mjini asubuhi aseme, kliniki yetu ni Alhamisi.